Beji ya Kofia si Chuma Kitupu

Ndugu zetu wa Lubutu na wa Maniema nzima,

Huko Ulaya wako watu wanaokusanya beji za kofia za askari na polisi wa kikoloni. Huzinunua, huzing'arisha, huzipanga katika makabati ya vioo. Beji za Force Publique ya Kongo nazo zimo. Hatuwagombezi kwa kupenda vitu vya kale. Lakini twauliza: anayenunua beji, ananunua na habari zake?

Habari hizo sisi tunazo. Force Publique iliundwa mwaka 1885, ikawa jeshi na polisi kwa pamoja. Aliyevaa kofia ile alikuwa mtoto wa kijiji kama sisi. Wengi katika siku za mwanzo walichukuliwa kwa nguvu. Maofisa wote walikuwa Wazungu, hata ilipofika siku ya Uhuru, 30 Juni 1960. Sheria ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao ya serikali siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Aliyeshindwa alingojewa na jela na kiboko. Basi mwenye kofia na mwenye kupigwa walikuwa ndugu, na Bwana mkubwa alikaa kivulini.

Tukumbuke pia jino la Lumumba. Alipouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, Gerard Soete, polisi Mbelgiji, aliiangamiza maiti yake, akajiwekea jino. Ubelgiji ililirudisha kwa watoto wa marehemu tarehe 20 Juni 2022. Beji si jino, twajua. Lakini tabia ni moja: kuweka kipande na kumsahau mtu.

Kwa hiyo twasema: mwenye beji ya baba au ya babu asiiuze kwa bei ya sigara, wala asiitupe kwa aibu. Na iandikwe: nani aliivaa, miaka gani, kituo gani. Kando yake liandikwe na jina la aliyepigwa, kama bado lakumbukwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazee waliovaa kofia zile kabla ya 1960 sasa ni wachache, nao wamepita miaka 80. Vijana, chukueni daftari, mwende mkaketi nao wiki hii. Wakiondoka kabla hamjawauliza, tutabaki na chuma kinachong'aa, nasi tutakuwa wageni wa habari zetu wenyewe.