Uwanja si parseli

Kila mara vita inapowaka Masisi ama huku kwetu Walikale, mama mhami hajajua bado atalala kwa nani, lakini mzigo anautua uwanjani. Hapo anahesabu watoto. Hapo anauliza nani ameona bwana yake. Hapo majina yanaandikwa na chakula kinagawanywa, kama kimefika. Vita ikitulia, uwanja huohuo ni wa misa Dominika asubuhi na mpira jioni.

Na bado kuna watu wakiutazama wanaona bei tu. Eti nafasi iko bure, ikatwe parseli. Bure kwa nani?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haipewi mtu mpaka iondolewe kwanza katika matumizi hayo kwa njia halali. Karatasi iliyosainiwa kwenye meza ya pombe haiondoi kitu.

Nairobi walipitia jambo hili. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambako watu wa mfuko mdogo walikwenda kupumzika. Wangari Maathai aliandika barua juu ya barua. Wabunge walimtukana. Jumba halikujengwa. Mwaka 1992 kina mama ambao watoto wao walifungwa kwa sababu ya siasa walikaa kwenye kona ya bustani hiyohiyo, wakikataa kula, wakidai waachiliwe. Polisi waliwapiga na kuwafukuza, nao wakaendelea kanisani. Karibu wafungwa wote walikuja kutoka. Pangekuwa ghorofa pale, wangeanzia wapi?

Mtaniambia Itebero si Nairobi, na kwamba sisi nafasi hatukosi, msitu umetuzunguka. Ndiyo. Lakini msituni hatukusanyiki, tunajificha.

Tena msiwasingizie wahami kwamba ndio wanaoharibu uwanja. Shitingi inakunjwa siku amani ikirudi. Nyumba ya matofali haikunjwi.

Kwa hiyo machefu na shirika la raia wapime uwanja, wasimike mipaka, mchana, mbele ya watu, wahami nao wakiwepo. Na kama kuna aliyekwisha kupokea pesa ya mtu, azirudishe.