Paka ni Amana



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twaanza kwa kukiri kosa. Nyumbani mwetu palikuwa na paka wa Siam, mwenye macho ya buluu na masikio meusi, mpenda mazungumzo kuliko sisi sote. Siku moja alishikwa na homa, nasi kwa huruma tukamsagia kidonge cha parasetamoli. Kabla ya jua kuchwa, ufizi wake uligeuka rangi ya kahawia, uso ukavimba, na pumzi zikawa nzito. Alfajiri hatukuwa naye tena.

Baadaye daktari wa mifugo alitueleza kuwa ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Hugeuka sumu, ikaiharibu damu hata isiweze kubeba hewa. Kidonge kimoja chatosha kumuua. Tukafahamu kuwa huruma isiyo na elimu yaweza kudhuru.

Basi tumejifunza haya, nasi twayatoa kwenu.

Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Wali mtupu haumtoshi. Apewe samaki au kuku aliyepikwa na kutolewa miiba na mifupa. Asipewe mchuzi wenye vitunguu maji wala thomu, kwani navyo huharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Maji safi ndiyo yasiyofaa kukosekana, hasa katika joto la kaskazi.

Paka wa Siam huelekea kuugua meno na ufizi, na wengine hupata pumu. Kinywa kikinuka au akikohoa mara kwa mara, apelekwe kwa daktari. Tunapofukiza udi na ubani, tumtoe chumbani kwanza, maana moshi humchochea pumu.

Achanjwe pia. Kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao. Paka hukipata, na kwa kuuma kwake humwambukiza mtu.

Ama mama mjamzito, asisafishe choo cha paka ikiwa yupo mwingine wa kumsaidia. Katika kinyesi mwaweza kuwamo vijidudu viitwavyo toksoplasma, ambavyo humdhuru mtoto tumboni. Vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hivyo mchanga ubadilishwe kila siku. Hapana haja ya kumfukuza paka, usafi watosha.

Sote twakijua kisa alichotusimulia Mtume (S.A.W.) cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Aliyefungwa ndani ya nyumba zetu hana mlango mwingine wa kubisha. Tukimweka, tumtunze; na tusipojua, tuulize kabla ya kunyoosha mkono kwenye kabati la dawa.

Wabillahi tawfiq.