Hundi ya Mfano Haizibui Mtaro



Picha ile sote tunaijua. Kina mama wamevaa sare za kitenge, wameshika hundi ya mfano kubwa kuliko mlango, na kiongozi yupo katikati anatabasamu. Picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, tunaandika "mashaallah", imekwisha. Hatuulizi mama wale wanarudi kwenye mtaa wa namna gani.

Leo tunauliza, na tunaulizia mbali kidogo na kisiwani kwetu: wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Tumechagua huko kwa makusudi. Kama kuna pahala Tanzania ambapo neno "hakuna fedha" ni zito kumeza, basi ni hapo. Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo. Serengeti ina hifadhi ambayo watu wanavuka bahari kuja kuiona. Lakini dhahabu na simba havijawahi kumtekea maji mama wa mtaani.

Tuanze na jema. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri ya Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Kwa sisi tunaoiogopa riba kwa kumuogopa Mola wetu, hili si jambo dogo. Huu ndio mkopo mwema tuliofundishwa madrasa. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Alhamdulillah.

Ila mkopo mwema kwenye mtaa mbovu ni maji kwenye pakacha. Mchukulie mama lishe wa mtaa wa hali ya chini pale mjini Tarime, Sirari mpakani au Mugumu. Amepata mtaji. Maji ananunua kwa dumu, kwa hiyo faida ya kwanza inakwenda kwa mwenye mkokoteni. Mvua ikinyesha njia ni tope, wateja hawaji. Jua likizama hakuna taa, anafunga mapema. Mtaro umeziba, mtoto anaharisha, mtaji unakwenda hospitali. Siku ya marejesho imefika na mkononi hana kitu. Anakwenda wapi? Kwa kausha damu. Basi fedha ya Serikali isiyo na riba imezunguka wee, ikaishia mfukoni mwa mla riba! Hapo ndipo tunapopiga kelele.

Tazameni na hesabu yenyewe. Asilimia 10 ni ya kile halmashauri inachokusanya. Halmashauri yenye mgodi inapata ushuru wa huduma kutoka mgodini. Mugumu watalii wanapita kuelekea lango la Ikoma, lakini viingilio vya hifadhi havikusanywi na halmashauri. Asilimia ni ile ile, bakuli si lile lile. Kwa hiyo ruzuku ya Serikali Kuu ndiyo inayopaswa kuziba pengo, na iende kwanza kwenye mitaa ya chini: maji, mtaro, taa, choo cha soko. Jengo la utawala linaweza kungoja. Mtoto anayeharisha hangoji.

Njia zipo. TASAF ipo tangu 2000, Bara na Zanzibar, na pamoja na ruzuku ya kaya maskini imekuwa na ajira za muda, ambapo walengwa wamelipwa kwa kazi ya jamii. Kuchimba mtaro wa mtaa wako na ukalipwa, kuna heri kubwa kuliko hiyo? Na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mpango wa mgodi wa kuihudumia jamii lazima ukubaliwe na halmashauri. Katika meza hiyo, mama anayenunua maji kwa dumu amekaa kiti gani?

Tutaambiwa, "Wanawake wenyewe hawarejeshi." Ni kweli, ripoti za CAG zimetaja mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Lakini kikundi hewa hakiundwi na muuza dagaa peke yake. Kuna mkono wenye kalamu uliokipitisha. Ushikwe mkono huo kwanza, kisha ndiyo mama asutwe.

Sote tumesimuliwa habari za Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake: usiku alimkuta mama na watoto wenye njaa, akarudi mwenyewe hazina na kujitwika gunia la unga begani. Hakupeleka hundi ya mfano. Alifika, akaona sufuria tupu, akabeba.

Sisi wa visiwani tusijitie hayatuhusu. Wanaokumbuka maji yalivyokuwa yakikaa Mwanakwerekwe kila masika wanajua kuwa mtaro mmoja unaweza kuokoa biashara nyingi kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Basi dada zetu wa Mara, na nyinyi mnaotusoma popote mlipo: mkutano wa mtaa au kijiji ukiitwa, nendeni. Msiende kupika chai ya wageni. Kaeni mbele. Dai la kwanza, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. La pili, kabla ya mkopo mpya, itajwe kero ya mtaa itakayoondolewa mwaka huu. La tatu, majina ya vikundi vilivyopewa fedha yabandikwe ubaoni, kila mtu ayaone.

Na siku mtakapopiga picha, pigeni mkiwa mmesimama kando ya mtaro unaopitisha maji. Hapo nasi tutaandika "mashaallah", na tutakuwa na haki ya kuiandika.