Mzigo wa Mkimbizi Haupimwi kwa Mizani

Hivi majuzi, katika mhadhara kuhusu lugha na utamaduni, mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililonifikirisha. Alitaka kujua ni akili gani inayomfanya mtu anayekimbia kifo aache chungu na blanketi, akachukua kikombe cha ibada au vinara vya mishumaa ya Sabato. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani asiyelielewa jambo hili hajamwelewa mkimbizi, hata akimhurumia.

Tuitazame historia. Mnamo Machi 31, 1492, Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella wa Uhispania waliwaamuru Wayahudi kuihama nchi kabla ya mwisho wa Julai. Wangeweza kuchukua mali zao, ila si dhahabu, fedha wala sarafu. Hivyo kikombe cha fedha ambacho babu alikibarikia divai kila Ijumaa jioni kiligeuka kuwa magendo. Kitabu, hata hivyo, hakikukatazwa.

Miongoni mwa vitabu vilivyotengenezwa Uhispania na kuihama pamoja na wenyewe ni Hagada ya Sarajevo, iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono yapata mwaka 1350. Hagada husomwa mezani usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, nayo husimulia jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Ama kwa hakika, ni kitabu cha wakimbizi ambacho chenyewe kilikuwa mkimbizi. Mwaka 1609 kilikuwa Italia, ambako mkaguzi wa Kanisa alikitia sahihi. Mwaka 1894 kikauzwa kwa makumbusho ya Sarajevo. Kurasa zake zina madoa ya divai. Kwangu mimi, madoa hayo yana thamani kuliko dhahabu iliyopakwa kwenye picha zake, kwa kuwa yanashuhudia kwamba kitabu hiki kilitumiwa na watu waliokula, wakanywa na kuwafunza wana wao.

Isitoshe, Wayahudi hao waliondoka na lugha. Kihispania chao, kiitwacho Ladino, kiliendelea kusemwa Sarajevo, Saloniki na Istanbul kwa zaidi ya karne nne. Lugha haikaguliwi forodhani. Lakini chombo na lugha hutegemeana: kikombe kisicho na maneno yake ni chuma tu, na maneno yasiyo na kikombe husahaulika upesi.

Wapo wanaodai kwamba kuyang'ang'ania mambo kama haya huwatenga watu na majirani zao. Sikubaliani nao. Mwaka 1942, afisa wa Kinazi alipofika katika makumbusho ya Sarajevo kuidai Hagada, aliyeificha alikuwa Mwislamu, Derviš Korkut, mtunza maktaba. Yeye na mkewe, Servet, walimhifadhi pia msichana wa Kiyahudi nyumbani kwao. Mwaka 1994, taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem iliwatunukia hati ya heshima kwa kumwokoa msichana huyo.

Wahenga walinena kuwa wema hauozi. Mwaka 1999, binti ya Korkut alifukuzwa Kosovo na vita. Miongoni mwa vitu vichache alivyokuwa navyo ni nakala ya hati ile ya wazazi wake. Aliwaonyesha Wayahudi wa mji wa Skopje, nao wakamsaidia hata akapata hifadhi Israeli. Je, mwanafunzi wangu angesema kwamba afadhali angalibeba blanketi?

Nchi yetu imewapokea wakimbizi Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, na baadhi ya watoto wao wamo madarasani mwetu. Aghalabu sisi walimu huwauliza wamepoteza nini. Ni nadra kuwauliza wamekuja na nini: tasbihi, kitabu cha sala, wimbo wa bibi, jina la mto wa kwao. Swali la kwanza humfanya mtoto kuwa maskini mbele ya wenzake. La pili humfanya kuwa mwenye kitu cha kutufunza.

Waama, chakula humfikisha mkimbizi kesho. Kikombe cha babu yake humwambia ni nani aliyefika. Tusimcheke anayekibeba, na siku atakapochoka, tuwe tayari kumtunzia, kama Korkut alivyofanya.