Kijana wa Uroa, usiliuze gitaa bado!

   Leo mambo ya mapenzi na mavazi nayaweka pembeni kidogo, nataka kuzungumza na kijana mmoja wa Uroa kuhusu gitaa. Nyie wengine mnaruhusiwa kutega sikio, maana ishu yenyewe inawahusu.

Uroa mnaijua. Ni kile kijiji cha wavuvi na akina mama wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja, ukishapita Chwaka na kabla hujafika Pongwe. Hoteli zimejipanga ufukweni, na katika moja ya hizo ndimo nilimomsikia huyu bwana mdogo. Anapiga gitaa kavu, lile lisilo na umeme, ambalo wazee wa dansi wanaliita galatoni. Dole gumba lake linatembea kwenye nyuzi nene kama lina akili zake lenyewe. Sasa anapiga nini? "Jambo Bwana"! Akimaliza, anaombwa airudie. Sina ugomvi na wimbo huo, Them Mushrooms waliutengeneza vizuri na umewalisha watu wengi hapa pwani. Lakini mara nne kwa usiku mmoja, jamani!

Alipopumzika akaniambia: "Kakaangu, mie nshachoka. Kuna mgeni kaniambia nisikilize bluzi. Kwani bluzi si mambo ya Wazungu? Nimsikilize nani? Naona niliuze tu hili gitaa, nitie pesa kwenye bodaboda."

Wee! Subiri kwanza.

Bluzi si ya Wazungu. Ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa, waliokuwa wakivunja mgongo kwenye mashamba ya pamba ya watu wengine. Jioni mtu anachukua gitaa la bei poa, analia nalo, analicheka nalo, analiambia mambo ambayo mchana hathubutu kuyasema. Ukitaka kuona ilivyo na undugu na Afrika, anza na Ali Farka Touré wa Mali. Huyo mzee alikuwa mkulima wa Niafunké, kando ya mto Niger. Mwaka 1994 alitoa albamu ya "Talking Timbuktu" na Mmarekani Ry Cooder, wakazoa tuzo ya Grammy. Badala ya kuhamia Ulaya kutesa, alirudi kwenye mashamba yake, na baadaye akawa meya wa mji wake. Alifariki mwaka 2006. Msikilize huyo usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Ila mimi dawa yako naijua iko karibu zaidi. Anaitwa Jean Bosco Mwenda.

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, Kongo. Usiseme Kongo ni mbali. Bunkeya ni mji wa Msiri, yule mfalme aliyetoka Unyamwezi, upande wa Tabora, akaenda na watu wake mpaka Katanga karne ya 19 kwenye njia za biashara za misafara. Watu wake ndio Bayeke, na Bosco mwenyewe alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Kwa hiyo asili yake ni huku kwetu. Na Kiswahili alichoimbia ni kile kilichotembea kwa miguu kutoka pwani hii. Kimechanganyika njiani, kimeota lafudhi ya migodini, lakini ukitulia utamwelewa bila mkalimani.

Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta mjini Jadotville, siku hizi Likasi, akamrekodi. Kijana wa miaka 22! Kibao chake cha "Masanga" kikasambaa, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaumiza vidole kukiiga. Aliwahi kwenda Nairobi kwa matangazo ya dawa ya Aspro, na mwaka 1969 akapiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Ukimsikiliza mara ya kwanza utabisha kuwa ni watu wawili. Ni mmoja! Dole gumba linapiga besi, kidole cha shahada kinachomoa sauti ya juu, na kila kimoja kina mwendo wake. Zile mbwembwe za vidole vitano hana haja nazo. Sasa bwana mdogo, hilo dole gumba si ndilo ulilonalo wewe?

Ukimaliza hapo, panda gari ya mawazo mpaka magharibi mwa Kenya, kwa Waluhya. Huko kulikuwa na George Mukabi, gwiji wa mtindo wa omutibo. Gitaa lake lina mbio, halafu pembeni unasikia chupa ya soda ikikwanguliwa, kwarakwara, ndiyo ngoma yao hiyo. Mukabi aliuawa mwaka 1963, angali kijana. Mtindo haukufa naye. Kundi la Abana ba Nasery liliendelea na magitaa mawili na chupa ya Fanta, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakafika nayo Uingereza. Chupa ya Fanta! Na wewe unaniambia huna vyombo?

Ukitaka wa pwani yupo Fundi Konde, Mgiriama, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000. Vita Kuu ya Pili alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha wanajeshi wa Afrika Mashariki, mpaka Burma. Huyu ni mtaratibu, gitaa lake halina papara, na "Tausi Ndege Wangu" mpaka leo inawatoa watu machozi. Upande wa Moshi alikuwapo Frank Humplick na dada zake, waliotamba miaka ya 1950. Hao wa kusikiliza asubuhi, ukiwa na chai ya rangi na mkate wa ufuta. Na kwa vijana wa leo mtafute Leo Mkanyia wa Dar es Salaam, ambaye muziki wake ameuita wazi kabisa Swahili Blues.

Nakuja kwenye jambo linalonikereketa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba, alipanda meli na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri, na udi ukilia nyuma yake. Mwaka huohuo huko Marekani mkulima mmoja, Mississippi John Hurt, naye aliingia studio na gitaa lake. Siti aliporudi, pwani nzima ilimsikia. Santuri za Hurt hazikuuzika, akarudi shamba. Kimya, miaka 35! Mpaka mwaka 1963 vijana wapenzi wa muziki walipousikia wimbo wake unaotaja kijiji cha Avalon, wakatafuta kijiji hicho kwenye ramani, wakaenda, wakamkuta mzee hai na vidole vyake hai. Watu wakamjaa. Alifariki mwaka 1966. Yaani dunia ilimfaidi miaka mitatu tu.

Akina dada msinune, na nyie mna wenu. Elizabeth Cotten alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia ya wanamuziki akina Seeger. Hawakujua kama anapiga, mpaka alipolichukua gitaa la mle ndani. Alikuwa mkono wa kushoto, akaligeuza juu chini, besi anapiga kwa vidole na sauti ya juu kwa dole gumba! Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, umri ushapita miaka 60.

Kwa hiyo msomaji, usingoje Mzungu mwenye ramani. Katika mtaa wako, iwe Ng'ambo, iwe Magomeni, yupo mzee aliyepiga dansi au taarab zamani na sasa anakaa barazani anahesabu wapita njia. Mpelekee kahawa na kashata, muombe akupigie kimoja. Simu unayo, na mara nyingi inarekodi mambo ya kijinga tu. Mwombe ruhusa umrekodi yeye.

Na wewe wa Uroa, sikupi mahubiri, nakupa kazi. Wiki mbili, wimbo mmoja wa Bosco. Wiki ya kwanza dole gumba peke yake, mpaka mama yako alalamike. Wiki ya pili ongeza kidole cha shahada. Usiige kila kitu, iba ule mwendo, halafu tia maneno yako: bei ya mwani, bahari ikichafuka, huyo msichana wa Marumbi unayemficha. Kule hotelini wape "Jambo Bwana" yao moja, chakula kiingie nyumbani. Ya pili piga ya kwako. Wakinyamaza vijiko, ujue umewapata.

Wakikuzomea, niandikie, tutazungumza bei ya hiyo bodaboda. Haya, tukutane wiki ijayo Inshallah, na mambo ya mapenzi yatarudi, msinitukane.