Bibi kasingiziwa bure, kumbe mchawi ni ini!

Wiki hii tuache mapenzi kidogo, nina kisa cha hapa kwetu Tabora, na kwenye kosa na mimi nimo.

Mjomba wangu ni muuza asali. Barabara ya Kwihara hadi mjini anaijua kama kiganja chake. Ni pande zilezile za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambako Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Mjomba anapita hapo na baiskeli tangu sijazaliwa. Siku moja kapotea! Watu wamemkuta chini ya mwembe, madumu ya asali pembeni, anauliza kwake ni wapi.

Ndipo tukakumbuka mengine. Mchana analala fofofo, usiku anazunguka uani. Mtu mpole, siku hizi anafoka ovyo. Akinyoosha mikono, viganja vinapigapiga kama mbawa za kuku. Na pombe hagusi, hata wanzuki haonji, sasa nani angewaza ini? Jibu likapatikana fasta: karogwa. Na mchawi? Bibi jirani, eti ana macho mekundu. Jamani, macho yale ni ya moshi wa kuni! Huku kwetu na Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu kama hiyo. Lakini mchango wa mganga ulipopitishwa, na mimi nikatoa. Hapo ndipo ninapoona aibu.

Mkewe ndiye aliyegoma: hospitali kwanza! Daktari hakuuliza habari za maadui. Aliuliza, "Mzee amepata choo lini mara ya mwisho?" Siku tano zilikuwa zimepita.

Akatufafanulia. Protini ikivunjwavunjwa tumboni hutoa sumu iitwayo amonia. Ini zima huigeuza kuwa urea, tunaitoa kwa mkojo. Ini lililojaa makovu linashindwa, na damu nyingine inapita pembeni, basi sumu inafika hadi kwenye ubongo. Choo kikigoma, ndiyo inazidi. Akapewa dawa ya maji, laktulosi, inayolainisha choo na kuzuia amonia isiingie kwenye damu.

Nikaingia kusoma. Mwaka 1893 kule Urusi, Pavlov na wenzake walipasua mbwa, damu ya utumbo wakaipitisha pembeni bila kugusa ini. Mbwa wakilishwa nyama, wanachanganyikiwa. Mwaka 1954 huko London, mama mmoja, Sheila Sherlock, na wenzake wakaieleza vizuri hali hiyo kwa wagonjwa. Mwaka 1959 akawa mwanamke wa kwanza Uingereza kuwa profesa wa tiba. Mama wa shoka!

Siku ya nne mjomba kaamka, kaniangalia: "Mpwa wangu, baiskeli yangu nani kaichukua?" Tulilia wote. Makovu bado yapo, kliniki anahudhuria, na choo kikikawia hatusubiri. Kipimo kilionyesha homa ya ini B. Inaambukizwa kwa damu, ngono, na mama kwa mtoto, na inaweza kukaa kimya miaka mingi huku inakula ini. Chanjo ya watoto hapa Tanzania ilianza mwaka 2002. Wewe mshikaji uliyezaliwa kabla, kapime. Ukikutwa huna, omba uchanjwe. Na wembe wa kuchangia, achana nao.

Na bibi? Ndiye aliyemletea mjomba uji siku aliyorudi nyumbani. Labda hajui tulichokuwa tunasema. Labda anajua, kanyamaza. Fungu langu la mganga lilirudi, nikamnunulia gunia la mkaa, moshi uyape macho yake likizo. Pole yenyewe sijaweza kuisema.

Je, mtaani kwenu nani mnamwita mchawi? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.