Bakhili Aliyegeuzwa Bata

Wapo wanaosema kwamba mzee kama mimi, aliyemaliza miaka yake katika chuo cha ualimu, hana sababu ya kuzikasirikia katuni. Ni za watoto, wanasema, waache wacheke. Mimi sina ugomvi na kicheko. Ugomvi wangu ni juu ya kile kinachoondolewa kimyakimya ili kicheko kipate nafasi.

Kitabu cha Charles Dickens kiitwacho A Christmas Carol kilitoka London mwezi Desemba 1843. Hakikuandikwa kwa ajili ya kuwaburudisha walioshiba. Mwaka huohuo Dickens alisoma ripoti ya tume ya serikali kuhusu watoto walioajiriwa migodini na viwandani, na mwezi Septemba akaitembelea shule ya watoto mafukara huko Field Lane. Yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa amefanya kazi kiwandani akibandika lebo kwenye makopo ya rangi ya viatu, baba yake akiwa gerezani kwa sababu ya deni. Kwa hiyo Scrooge si mzee mwenye gubu tu. Ni tajiri anayemlipa karani wake shilingi 15 kwa wiki, na akiombwa sadaka huuliza kama magereza na nyumba za kazi za maskini zimekwisha.

Sasa tazama, msomaji wangu, televisheni ilivyomfanya. Mwaka 1979 Bugs Bunny anajifanya mzuka, anamtishia Yosemite Sam kwa jehanamu, naye Sam anagawa fedha mbiombio. Mwaka 1985, katika The Jetsons, bosi Spacely anaonyeshwa siku zijazo ambapo familia ya mfanyakazi wake imemshtaki na kutajirika kwa mali yake. Ndipo moyo wake unapolainika! Huko si kutubu, ni kupiga hesabu ya hasara. Hesabu hiyo Scrooge wa Dickens aliijua barabara tangu mwanzo, na mizuka ilikuja kumtoa humo. Mwaka 1986 mashujaa wa The Real Ghostbusters wakaikamata mizuka yenyewe, hata dunia nzima ikaichukia Krismasi. Hiyo ilinichekesha, maana angalau mtungaji wake alielewa kwamba mizuka ile ilikuwa na kazi.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kile kisichoonyeshwa. Mzuka wa pili unafunua joho lake, na chini yake wamo watoto wawili waliokonda: mvulana ni Ujinga, msichana ni Uhitaji. Scrooge anaonywa ajihadhari nao wote, na hasa mvulana. Wanachuo wangu niliwaagiza wausome ukurasa huo mara mbili kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Katika Mickey's Christmas Carol ya 1983 watoto hao hawamo kabisa. Aliyemo ni Scrooge McDuck, bata aliyebuniwa na Carl Barks mwaka 1947 na kupewa jina la bakhili yule. Kufikia 1987 bata huyo alikuwa ndiye shujaa wa DuckTales, akiogelea katika ghala la fedha huku watoto wakimshangilia.

Wala asiniambie mtu kwamba katuni haiwezi. Mwaka 1971 Richard Williams aliichora hadithi hii kwa ajili ya televisheni, kwa muda usiofika nusu saa, na Ujinga na Uhitaji wamo, tena wanatisha. Filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar. Muda haukumshinda yeye. Kwa nini uwashinde wengine? Nadhani waliona kwamba mtoto mwenye njaa hapatani na matangazo ya vitu vya kuchezea.

Wajukuu wangu wanamjua bata. Karani na shilingi zake 15 walikuwa hawajapata kumsikia, basi nimeanza kuwasomea kitabu chenyewe, kurasa chache kila jioni. Juzi tumefika kwenye lile joho, na mdogo wao akataka kujua wale watoto wanakaa wapi.